Mtoto anajinyoosha mpaka anavunja kiti: nimwekee springi?

SWALI: "Habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 9, ana mtindio wa ubongo, tupo Lindi mjini. Mwaka jana alipata kiti cha magurudumu cha msaada, kizuri tu, ila shida yake anajinyoosha kwa nguvu sana, mgongo unapinda kwa nyuma, miguu inasukuma mbele, kikanyagio kimeshavunjika mara mbili fundi anachomelea. Akishajinyoosha anateleza chini na ule mkanda unampanda tumboni, siku moja nilimkuta umefika kifuani karibu na shingo. Sasa hivi tunamfunga khanga kifuani, na miguu tunaifunga kwenye chuma. Mama mkwe wangu anasema ni kiburi tu, hataki kukaa. Nimeona video ya mtoto wa Ulaya kiti chake kina springi, akijinyoosha kiti kinamfuata halafu kinamrudisha. Fundi pikipiki wa hapa mtaani anasema anaweza kuniwekea shokapu mbili za bodaboda nyuma ya egemeo. Nikubali? Na hizo springi zitamlegeza misuli? Zamani alikuwa anatumia baklofeni, dawa ya kulegeza misuli, ila zimeisha wiki ya tatu sasa na kukaza kumezidi."

JIBU:

Mama, asante kwa kuandika kwa kirefu, maana wengi wanauliza tu "kiti gani kizuri" na hapo humsaidii mtu. Habari ya springi nitaijibu yote, ila naanza na mambo mawili uliyoyataja kwa kupitia tu, la dawa na la mkanda kukaribia shingo. Hayo hayasubiri fundi.

Baklofeni haikatwi ghafla. Ikikatwa ghafla misuli inaweza kukaza kuliko hata ilivyokuwa kabla mtoto hajaanza dawa, na wengine wanapata homa, degedege, au wanaanza kuona vitu ambavyo havipo. Kwa hiyo kukaza kulikozidi wiki hizi tatu usikuhesabu kama ndo hali yake mpya na kuanza kukijengea kiti, kwanza mrudishe kwa daktari aliyemwandikia, au yeyote wa watoto pale hospitali ya Sokoine, mwambie wazi dawa ziliisha lini na alikuwa anameza kiasi gani. Na hata ukizipata duka la dawa kesho asubuhi usimrudishie dozi ile ile ya zamani kwa kichwa chako, mwili umeshakaa bila dawa, mara nyingi daktari anaanzia chini anapanda taratibu. Akiwa na homa, anatapika, ana degedege, au anakaza mfululizo mpaka halali, hiyo ni ya leo leo, hata kama ni usiku.

La pili ni khanga. Najua kwa nini mnafunga, kila nyumba nayoingia huku kusini nakuta khanga au kipande cha tyubu, na wanaofunga sio watu wabaya, wanataka mtoto asianguke. Ila fikiria kinachotokea: kifua kimefungwa, kiuno hakijashikwa, mtoto anajinyoosha, makalio yanakwenda mbele, mwili unashuka, khanga inabaki pale pale ilipofungwa. Mwisho wa safari hiyo ni shingo. Watoto hufa namna hiyo, tena kimya, mama yupo jikoni. Kwa hiyo kuanzia leo khanga ya kifuani itoke mpaka kiuno kiwe kimeshikwa vizuri, na mpaka hapo asikae kwenye hicho kiti bila mtu mzima pembeni yake. Miguu nayo ifungue. Mtoto ambaye hajawahi kusimama wala kutembea mifupa yake huwa myepesi, ukimfunga mguu kwenye chuma halafu akasukuma kwa nguvu zote, kisichoweza kusogea ni chuma, kitakachotafuta pa kwenda ni goti, nyonga au mfupa wenyewe.

Sasa la mama mkwe. Mwambie kwa adabu, maana ni mzazi na yeye, kwamba kijana hajinyooshi kwa kiburi, na wala sio shetani, najua hilo nalo husemwa. Sehemu ya ubongo inayotakiwa kuiambia misuli "basi, legea" iliumia, kwa hiyo msuli ukipata amri kidogo tu unakwenda mpaka mwisho, na inakaza yote kwa pamoja, mgongo, nyonga, magoti, nyayo. Hachagui. Ndo maana anajinyoosha hata akifurahi, hata akiitwa jina na mtu anayempenda, hata akishtuliwa na honi ya bodaboda. Ukimgombeza anakaza zaidi. Halafu kuna vitu viwili tunavifanya sisi wenyewe na vinamchochea: kumsukuma kisogo kwa mkono ili kichwa kije mbele (anasukuma nyuma kujibu ule mkono), na kumkanyagisha kwa nguvu kwenye vidole na sehemu ya mbele ya unyayo. Akikaza usimvute kifua. Pitisha mkono chini ya magoti, kunja magoti na nyonga pole pole, mikono yake ilete mbele, subiri, ongea kwa sauti ya chini. Unaanza kufungua kwenye nyonga, mgongo utafuata wenyewe.

Tukija kwenye kiti. Nguvu ile anayotoa lazima iende mahali. Kiti kikiwa kigumu kila upande inakwenda sehemu tatu: kwenye chuma, ndo maana kikanyagio kinakatika na fundi anakula hela yako; kwenye ngozi, yaani pale juu ya makalio, kwenye visigino na kisogoni ambako nywele zinakatika; na kwenye viungo. Waliotengeneza viti vya springi walianzia hapo hapo kwenye chuma kinachovunjika, wakajiuliza kwa nini tunaongeza unene wa chuma kila siku badala ya kukiachia kisogee kidogo. Kwa hiyo egemeo linakubali kwenda nyuma mtoto anaposukuma, kikanyagio kinakubali kwenda mbele na kushuka, egemeo la kichwa linakubali pia, halafu springi au mpira mgumu uliokuwa umebanwa unatumia nguvu ile ile ya mtoto kumrudisha alipokuwa. Kampuni zinazotengeneza zipo kadhaa, kama Seating Dynamics ya Marekani, na viti vya Netti vinatoka Norwei. Ulichokiona kwenye video ni cha kweli, sio tangazo la kudanganya.

Ila haimlegezi misuli. Kukaza kunatoka kwenye ubongo, springi ipo kwenye kiti. Inachoweza kufanya ni kupunguza ubishi: watoto wengi wakikuta kitu kigumu wanazidi kusukuma na kubaki wamekaza, wakikuta kinaachia wanamaliza mapema na kutulia. Wengine wanaanza kuupenda ule mwendo, wanautumia kujibembeza au kuonyesha wamefurahi, na mimi hilo nalipenda kwa sababu mtoto asiyetembea hana sehemu nyingi za kujisogeza mwenyewe. Utafiti uliofanywa ni mdogo mdogo, watoto wachache kila mara, unaonyesha kiuno kinateleza pungufu kukiwa na egemeo linalosogea, lakini sio wa kukufanya uuze shamba la mikorosho. Na wapo watoto ambao hawafai kabisa. Yule ambaye mwili unajinyonganyonga muda wote bila kupumzika pengine atapata fujo zaidi kiti kikianza kucheza, na anayehitaji kiwiliwili kitulie ndo mkono umfikie sahani anataka springi ifungwe wakati wa kula. Kwenye gari nako uliza kama inatakiwa ifungwe. Aliyetoka kupasuliwa, au nyonga inamuuma, huyo kwanza daktari.

Sasa shokapu za bodaboda. Hapana mama, usikubali, na nakueleza sababu ili hata fundi asije akaona nimemdharau.

Shokapu ya pikipiki imetengenezwa kubeba dereva, abiria na gunia la mkaa juu yake. Mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo mara nyingi ni mwepesi kuliko wenzake, atasukuma shokapu mbili za hivyo na hazitacheza hata kidogo, utakuwa umenunua kiti kigumu kizito. Fundi akiona hivyo atatafuta springi laini, hapo ndo hatari inaanza, kwa sababu springi tupu isiyo na kitu cha kuipunguzia kasi inamrudisha mtoto kwa kishindo, na misuli ya namna hii ikivutwa kwa kasi ndo inakaza zaidi. Umemtoa kwenye kujinyoosha mara moja umemwingiza kwenye kujinyoosha mara kumi.

Kubwa zaidi ni bawaba. Umeshawahi kupanda basi la Dar, ukalaza siti, baadaye ukaiinua ukakuta shati limepanda mgongoni? Ni kwa sababu siti inapindia chini nyuma ya makalio, mwili wako unapindia kwenye nyonga, vitu viwili havipindi sehemu moja kwa hiyo vinasuguana. Kwako ni shati, kwa mtoto anayefanya hivyo siku nzima ni ngozi, na kila egemeo likirudi linamsukuma kidogo mbele mpaka unamkuta amekalia mgongo. Egemeo linalosogea lazima lipindie karibu kabisa na usawa wa nyonga ya mtoto mwenyewe, kwa hiyo inabidi apimwe yeye, na mtoto anakua, inabidi apimwe tena. Halafu egemeo likienda nyuma uzito wote unakwenda nyuma, kiti kisicho na vigurudumu vya nyuma vya kuzuia kupinduka kinampindua chali. Na vidole vinabanwa kwenye springi iliyo wazi, vyake au vya wadogo zake.

Kwa hiyo unafanya nini? Hapa watu wananikatia tamaa kwa sababu wanategemea nitasema kitu cha Ulaya, mimi naanza na makalio. Kwa ulivyoeleza nina wasiwasi zaidi na sehemu anayokalia kuliko egemeo. Viti vingi vya msaada vina kitambaa au turubai kati ya vyuma viwili, likishalegea mtoto anazama katikati, kiuno kinalala nyuma, mapaja yanabanana, na kiuno kilicholala nyuma ni mwaliko wa kujinyoosha. Weka ubao wa plaiwudi juu yake, uwe umekaza hautelezi, juu yake sponji ngumu (sio ya godoro la kawaida, hiyo ndani ya mwezi imeshakuwa chapati), na sponji hiyo ikatwe kiasi kwamba nyuma yanapokaa makalio ni chini kidogo na mbele chini ya mapaja ni juu, kuwe na kingo ya kuzuia ile mifupa miwili ya makalio isisafiri mbele. Fundi seremala yeyote anaweza, ila vipimo atoe mtu wa mazoezi tiba.

Mkanda uwe wa kiunoni, na ufungwe kwenye fremu chini kabisa, upite juu ya mapaja pale yanapokutana na kiuno, ukivuta kwenda chini na nyuma kwa mshazari wa kama nyuzi 45 mpaka 60, wakati mwingine zaidi. Wako unapanda tumboni kwa sababu nahisi umefungwa juu, kwenye vyuma vya egemeo. Hilo peke yake nimeona linabadilisha mtoto, mzazi anabaki anauliza springi za nini tena.

Kabla ya kukata chochote kuna vitu viwili vya kuangalia mtoto akiwa amelala chali mkekani. Kunja paja lake taratibu kuja tumboni, mkono wako mwingine uwe chini ya kiuno. Kiuno kikianza kuviringika kabla paja halijasimama wima, maana yake nyonga haikunji vya kutosha, na ukimkalisha wima kwa lazima atateleza tu. Mtoto huyo anahitaji kona ya egemeo na sehemu ya kukalia iliyofunguka zaidi, hata ukimnunulia kiti cha milioni ngapi. Cha pili, paja likiwa wima jaribu kunyoosha goti. Likigoma mapema, misuli ya nyuma ya paja ni mifupi, kwa hiyo vikanyagio vinavyokwenda mbele vinamvuta makalio mbele kila dakika na wewe unadhani anakaza. Miguu inatakiwa irudi nyuma chini ya kiti, sio mbele. Kosa hili ni la kila siku kwa sababu vikanyagio vya viti vingi vimechomelewa mbele sana.

Na akianza kukaza usilaze egemeo ukidhani unampumzisha. Ukifungua kona ya nyonga mara nyingi ndo unamkaribisha ajinyooshe. Kinachopumzisha ni kulaza kiti chote kwa pamoja, sehemu ya kukalia na egemeo, kona ikibaki ile ile. Kuna viti vimetengenezwa hivyo, na kwa mtoto wako ningekitafuta hicho kabla ya chenye springi, ni rahisi kukipata na kukitunza. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa 2008 lilisema kiti kinachofaa ni kinachomkaa mtu na kufaa mazingira yake na kinachoweza kutengenezeka nchini kwake, na kwa hapa kwetu lile la kutengenezeka ni zito. Chumvi ya bahari inakula springi, mchanga unaingia kwenye bushi, na mpira ukichoka unaagiza wapi?

Ukishaweka sawa kiuno, mkanda na miguu, ukakaa nacho wiki kadhaa, na bado anavunja vyuma, hapo mazungumzo ya kiti kinachosogea yana maana, na pa kuanzia ni miguuni. Kwenye egemeo kosa ni kubwa, kwenye kikanyagio kosa ni dogo. Badala ya chuma tupu weka ubao wa kikanyagio wenye sponji nzito au kipande cha mpira wa tairi la gari chini ya unyayo, kiachie kidogo anaposukuma, na pembeni pawe na kuta za kuzuia mguu usitoke badala ya kuufunga. Mwenzangu mmoja wa fani hii anasuka egemeo kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, vimevutwa vya chini vikaze zaidi na vya juu vilegee kidogo, bila bawaba yoyote. Sio ile ya kwenye video, ila inaachia kiasi na kurudi pole, na ikikatika unabadilisha kwa fundi baiskeli. Hii ya tyubu usiifanye bila mtu wa mazoezi tiba kumwona mtoto akiwa amekaa juu yake.

Kujua kama marekebisho yamesaidia usiangalie anavyojinyoosha, angalia anavyorudi. Weka alama ya chaki au utepe kwenye kiti usawa wa magoti yake akiwa amekaa vizuri. Ajinyooshe, arudi, angalia goti lipo wapi. Likirudi kwenye alama, kiti kinafanya kazi. Likibaki mbele kila mara, bado anateleza, tena hapo springi ingezidisha. Na kila jioni mvue umkague ngozi, juu ya makalio, visigino, magotini ndani, kisogoni. Ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu vizuri, tafuta palipokolea weusi, pa moto au pagumu ukigusa. Pakibaki hivyo zaidi ya nusu saa baada ya kumtoa, usimrudishe kwenye kiti mpaka ujue kinachombana.

Kitu kingine, kukaza kukizidi ghafla wakati dawa anameza vizuri na kiti hakijabadilika, tafuta maumivu. Hawezi kukwambia jino linauma. Choo kigumu, mkojo wenye uchafu, jino, sikio, kiatu kilichobana, na kama anajikunja nyuma kila baada ya uji inawezekana chakula kinampanda kooni kinamchoma. Nyonga hasa. Watoto wenye mtindio wa ubongo ambao hawatembei nyonga zao huchomoka taratibu bila kuanguka popote, kwa hiyo omba eksirei ya nyonga zote mbili kwa pamoja, hasa kama paja moja linaonekana fupi, au analia ukimbadilisha nguo na kumtanua mapaja. Hakuna mtu makini atakayekutengenezea kiti cha kusogea kabla ya picha hiyo.

Pa kwenda: anza hapo hapo Sokoine, kitengo cha mazoezi tiba, safari moja na ile ya dawa. Kama hawana mtu wa viti waombe rufaa, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini ipo Mtwara sio mbali kwenu, na kwa viti vya watoto wanaokaza namna hii watu huenda hospitali ya CCBRT Dar au ya KCMC Moshi, ambako pia kipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti. Piga simu kwanza uulize kama mtaalamu wa viti yupo siku hiyo, usipande basi na mtoto zaidi ya kilometa 400 kwa kubahatisha. Nenda na kiti chenyewe hata kama kimevunjika, hasa kama kimevunjika, palipokatika panaonyesha nguvu inaelekea wapi. Nenda na pakiti la dawa. Na mpige video ya simu akiwa anajinyoosha nyumbani, kwa pembeni sio kwa mbele, kiuno na miguu vionekane, uiache iendelee mpaka amerudi, kwa sababu akifika hospitali siku hiyo atakaa ametulia tuli na watakuona wewe ndo mwenye shida.

Na fundi wako wa pikipiki usimwache, akili yake ni nzuri. Mpeleke siku ya vipimo kama inawezekana, mwambie ahamishe mkanda ushuke kwenye fremu, arudishe vikanyagio nyuma na aweke vile vigurudumu vya kuzuia kupinduka. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwake, shokapu akae nazo.